Gari la saluni la mkononi (lililokwisha kutumika) Arusha na Moshi: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Zunguka yadi yoyote ya Arusha au mfuate dalali Moshi mjini, utakuta Toyota Mark X ya V6 (injini ya silinda sita), viti vya ngozi, rimu zinang'aa, imeegeshwa jirani na Premio ya cc 1,500 yenye viti vya kitambaa, na bei zao zinakaribiana. Pengine Mark X iko chini kidogo. Wengi hunasa hapo. Anayeuza Mark X ameshajua inavyokula, anayenunua bado. Kuipata saluni ya mkononi ni kazi nyepesi. Ugumu ni kujua kama utaweza kuilisha, kama barabara zako zinaifaa, na kama hiyo uliyoonyeshwa ni nzima au imepakwa poda tu.

Anza na kalamu

Kabla hujapiga simu hata moja, andika kilomita zako za mwezi. Mtu anayekaa Usa River na kufanya kazi Arusha mjini huenda na kurudi kama kilomita 50 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi hiyo ni kilomita 1,200. Premio ya 1.5 iliyo nzima hutembea karibu kilomita 13 kwa lita kwenye mchanganyiko wa lami na foleni. Mark X au Crown ya 2.5 iweke kwenye 8 na nusu, na usimsikilize anayekuambia "inanusa tu". Ukichukua petroli kwa shilingi 3,000 kwa mfano, Premio inataka lita 92, yaani kama 277,000 kwa mwezi, na Mark X lita 141, yaani kama 423,000. Tofauti ni karibu 146,000 kila mwezi, milioni moja na laki saba na nusu kwa mwaka. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako na urudie hesabu.

Kisha tenga fungu la matengenezo. Kwa gari la umri huu, asilimia 15 ya bei ya kununua iwe pembeni siku unayolipa. Kama una milioni 14 kamili, unatafuta gari la milioni 12 hivi. Anayemwaga hela yote kwenye ununuzi huishia kuegesha gari uani mwezi wa pili akisubiri mshahara ili anunue shokapu.

Jambo la tatu ni njia ya kufika nyumbani. Saluni hizi tumbo lake liko kama sentimita 15 na kitu kutoka ardhini, na ukipakia watu watano na magunia mawili ya mkaa linashuka zaidi. Kama nyumba iko ndani ndani Moshono, au juu Kibosho baada ya lami kuisha, pita njia hiyo kwa miguu na uangalie makorongo yaliyoachwa na masika. Wengine hutatua kwa kuweka spesa kwenye shokapu ili gari linyanyuke. Kwa Premio na Allion, ambazo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, spesa nene hupindisha pembe ya joint za ekseli, buti za raba zinapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia ta-ta-ta ukikata kona. Ukikuta gari lililonyanyuliwa, hesabu joint mbili kwenye bei.

Injini iliyo ndani ni muhimu kuliko jina la nyuma

Premio na Allion za kizazi cha kwanza, 2001 hadi 2007, zina injini tatu tofauti na watu huzichanganya. Gari ambalo namba yake ya chesi inaanza na NZT240 lina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500. Hiyo ndiyo ya kutafuta, maana fundi wa kona yoyote anaijua, spea zimejaa, na oili ni lita 3.7 tu. ZZT240 ina 1ZZ-FE ya 1,800. Inavuta vizuri, ila zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba kwa masizi, kisha ringi zinaganda. AZT240 ina 1AZ-FSE ya 2,000, na hiyo ni D-4.

D-4 maana yake petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa. Kwenye injini ya kawaida petroli hupita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Kwenye D-4 haipiti pale, hivyo mvuke wa oili unajenga kaboni juu ya valvu mpaka injini inatetemeka ikisimama na kukosa nguvu. Pampu ya shinikizo nayo haipendi petroli chafu. Mara nyingi maandishi ya D-4 yako kwenye kava la plastiki juu ya injini. Kama kava limetolewa, soma herufi za mwisho za injini: FSE ni D-4, FE ni ya kawaida.

Mark X zote za GRX120 (2004 hadi 2009) na GRX130 (kuanzia 2009) za cc 2,500 zina 4GR-FSE, na Crown za GRS180 vilevile. Za 3,000 ni 3GR-FSE. Zote ni V6, zote ni D-4. Si injini mbovu. Zinataka oili nzuri kwa wakati, zaidi ya lita 6 kila mara, plagi sita na koili sita. Iliyomwagiwa oili ya bei rahisi kila baada ya kilomita 10,000 ndiyo inayokuja kukuua.

Premio za kuanzia 2007 (NZT260 na ZRT260) zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda. Hiyo ina mafuta yake. Fundi akiweka ATF ya kawaida (mafuta ya giaboksi za otomatiki nyingine) mkanda wa ndani unateleza na giaboksi inakwisha. Muulize muuzaji aliweka mafuta gani mara ya mwisho. Akijibu "yale ya kawaida", piga hesabu ya giaboksi nyingine au uondoke.

Ukiniuliza ipi kwa mtu wa kawaida wa Arusha au Moshi: NZT240 au NZT260, kwa mpangilio huo. Mark X ni ya mtu ambaye hesabu ya juu haikumtisha.

Karatasi kwanza, ukiwa bado nyumbani

Omba picha ya kadi ya gari pande zote mbili na namba ya gari. Kwa namba hiyo angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, deni la maegesho, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA. Hivi vyote vinafanyika kwa simu. Faini moja ni 30,000, na gari lenye faini kumi na tano linakueleza pia limekuwa likiendeshwaje.

Kwenye kadi soma mwaka wa kutengenezwa, si wa kusajiliwa. Watu hutaja "namba E" kana kwamba ndiyo umri. Namba E ni lini liliingia barabarani hapa, na linaweza kuwa limetengenezwa 2005. Angalia pia kama jina la benki liko kwenye kadi. "Kadi iko benki, nitakupa ukishalipa" maana yake gari ni dhamana ya mkopo. Njia salama ni mwende wote benki na hela yako ilipe deni moja kwa moja. Kuna pia wakopeshaji wadogo wanaokaa na kadi tu bila kuandikwa popote, ndiyo maana kadi halisi uishike mkononi kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Arusha ina mitego miwili ya kwake. Wa kwanza ni gari la namba ya Kenya linalouzwa bei ya kutupa na mtu wa Namanga: ushuru wa Tanzania haujalipwa, na ukilinunua unakuwa wako. Wa pili ni magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, ya mashirika na wafanyakazi wa kigeni, ambayo mji huu unayo mengi. Ni mazuri na yametunzwa, lakini msamaha haukufuati wewe. Kodi inalipwa kabla ya kubadilisha jina, na kwenye mkataba iandikwe nani anailipa.

Fika gari likiwa la baridi

Mwambie muuzaji utafika saa moja asubuhi na asiwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa kwa kuipasha, mara nyingi mlio wa cheni au moshi wa kuwashia. Subiri au panga siku nyingine.

Likiwa baridi, fungua kofia ya rejeta. Unataka kulanti yenye rangi safi, nyekundu, pinki au kijani. Maji ya rangi ya kutu yanakuambia limeendeshwa kwa maji ya bomba kwa miaka. Utando wa oili juu yake ni silinda hedi au gasketi. Bonyeza raba ya kofia. Ikiwa ngumu na imepasuka, jua kwamba kwa kimo cha Arusha, kama mita 1,400, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kofia mbovu hapa hugeuka ovahiti mapema kuliko Tanga.

Sasa tafuta dalili za ovahiti ya zamani. Mafundi wetu wana tiba mbili za mkato: kutoa tomositati (valvu inayozuia maji kuzunguka kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), na kuunga feni moja kwa moja iwake muda wote. Washa gari (ukishaangalia oili na taa, kama ilivyo hapa chini) na usikilize. Feni ikianza kuzunguka sekunde ile ile injini ikiwa baridi na kiyoyozi kimezimwa, fuata waya wake kwa macho mpaka uone kiungo cha selotepu. Kisha tazama mshale wa joto. Injini nzima inapanda hadi karibu katikati ndani ya dakika tano mpaka kumi na kukaa hapo. Ikizunguka robo saa na mshale bado uko chini, hasa asubuhi ya Julai, tomositati haipo. Muulize kwa nini ilitolewa. Jibu lolote atakalotoa, gari hilo liliwahi kuchemka.

Kabla ya kuwasha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili ya rangi ya maziwa ni maji ndani. Oili mpya kabisa, ya dhahabu, kwenye injini yenye masizi meusi chini ya kifuniko cha kumiminia, imewekwa jana kwa ajili yako.

Funguo ikiwa "on" kabla ya kuwasha, taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya eabegi lazima ziwake zote, kisha zizime: za ABS na eabegi zenyewe baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishika. Taa isiyowaka kabisa imetolewa globu au kuzibwa kwa makusudi. Hapa watu wengi wanapita haraka. Simama uzihesabu kwa kidole.

Ikishika, mlio wa cheni wa sekunde moja kwenye V6 unaweza kuvumilika, unaoendelea zaidi hauvumiliki. Mwache mwenzako nyuma atazame eksozi. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni unyevu tu na unakwisha. Mweupe mzito usiokwisha wenye harufu tamu ni kulanti inaungua. Wa bluu ni oili.

Bodi na chini yake

Lizunguke mchana, si jioni na si likiwa limetoka kuoshwa lina maji. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inashika bati na haishiki puti. Angalia vichwa vya nati za fenda na bawaba za boneti, maana rangi iliyochubuka na spana inasema kilifunguliwa. Nyanyua zulia la buti na utoe tairi la akiba. Sakafu ya pale kiwandani ni laini na ina sili nyoofu, mikunjo na welding ni ajali ya nyuma. Vioo vyote viwe na chapa moja. Lebo ya mkanda wa kiti mara nyingi ina tarehe, na haifai kuwa ya baadaye kuliko gari lenyewe. Namba ya chesi, iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi au wakati mwingine chini ya kiti cha mbele, ilingane na kadi tarakimu kwa tarakimu.

Gari la binafsi lina kibao cha njano, la biashara cheupe. Kibao cha njano kipya kwenye gari la zamani si kosa, lakini uliza kama liliwahi kuwa teksi, kisha tazama raba ya pedali ya breki na upande wa kulia wa kiti cha dereva. Kilomita 80,000 kwenye dashibodi haziendani na pedali iliyoisha mpaka chuma. Muuzaji akiwa na nyaraka za Japani, cheti cha kusafirishia kina kilomita za siku ile. Linganisha.

Kwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, hesabu tairi nne mpya hata kama meno yapo.

Kwenye shimo la gereji au kwenye lifti, tazama sampu ya oili kama imebondeka kwa matuta, bushi za mikono ya mbele kama zimepasuka, shokapu kama zimelowa. Mark X ina mikono ya juu na ya chini mbele, kwa hiyo bushi na boljoint ni nyingi kuliko Premio, na seti nzima inauma. Angalia pia kama masega ya eksozi (kichujio cha moshi) bado yapo au bomba limekatwa na kuungwa tupu. Yanauzwa, ndiyo maana yanapotea.

Kuendesha: dakika 45, na mlima lazima

Kuzunguka mtaa mmoja hakuonyeshi kitu. Ukiwa Arusha, panda hadi Ngaramtoni, rudi, kisha pita barabara moja ya vumbi. Ukiwa Moshi, panda Kibosho au pitia Himo kwenda Marangu.

Kabla ya kuondoka, mguu kwenye breki, hamisha kutoka P kwenda R, kisha D. Gia ishike ndani ya sekunde moja bila kishindo. Kwenye mlima washa kiyoyozi na ukanyage kwa uthabiti. Mzunguko wa injini ukipanda lakini mwendo haupandi, giaboksi inateleza. Kutetemeka kama umepita kwenye mbao kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa ni mafuta ya giaboksi au kibadili msukumo (torque converter), na kwenye CVT ni habari mbaya. Usichanganye hilo na uzito wa kawaida: injini isiyo na tabo hupungukiwa karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa hiyo 1NZ yenye watu wanne itahema kupanda Ngaramtoni hata ikiwa nzima.

Mteremko una kazi yake. Shuka kilomita mbili bila kugusa petroli, gari likiwa kwenye gia, kisha kanyaga huku ukitazama kioo cha nyuma. Wingu la bluu hapo ni sili za valvu au ringi, kwa sababu ombwe la injini lilikuwa linavuta oili muda wote ulioachia. Muuzaji anayekubali safari ya tambarare tu na kukataa mlima amekujibu tayari.

Ukirudi, acha injini ikizunguka dakika kumi ukiwa umesimama na kiyoyozi kimewashwa. Mshale usisogee. Zima, washa tena ikiwa moto.

Mashine, na fundi asiye wa muuzaji

Mlipe fundi wako mwenyewe, asiyeletwa na dalali, apime kwa mashine kabla ya mazungumzo ya bei. Mwambie asikuambie "haina kodi" tu (kodi hapa ni namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, si ushuru), asome pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Mtu akifuta makosa asubuhi, taa inazimika na kodi hazipo, lakini vipimo vinaonyesha havijakamilika mpaka gari litembee vya kutosha. Vipimo vingi visivyokamilika ni sawa na dashibodi iliyofutwa kwa kitambaa. Kwa V6 aangalie misfaya (silinda kukosa kuwaka) silinda kwa silinda.

Bei na kinachokufanya uondoke

Andika kila kasoro na gharama yake ya Arusha, si ya kubahatisha: pigia duka la spea ukiwa bado pale. Shokapu, bushi, tairi, betri, mikwaruzo na kiyoyozi kisichopoza ni vya kupatana. Oili kwenye rejeta, moshi wa bluu, giaboksi inayoteleza, chesi isiyolingana, eabegi zilizotolewa na kadi isiyoonekana si vya kupatana, hata akishusha milioni mbili. Kama kuna dalali, omba kumwona mwenye gari na bei aseme yeye. Cha juu cha dalali kinakaa vizuri pale ambapo ninyi wawili hamjaonana.

Kwenye bei mliyokubaliana ongeza uhamisho. Kwa gari la milioni 14, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni 140,000, uhamisho 50,000, kadi mpya 10,000, jumla 200,000. Bima ndogo ni 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ni 490,000, na VAT inaifikisha 578,200. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uwe na kitambulisho cha NIDA na TIN za wote wawili, namba ya chesi na ya injini, na bei ya kweli. Lipa kwa benki, jina la akaunti liwe lile la kwenye kadi. Uhamisho uanze siku hiyo hiyo, kwa sababu gari likibaki na jina la mwingine, anaweza kulikopea au kulidai, na bima inaanza kukuuliza maswali siku ya ajali.

Wiki ya kwanza badilisha oili na filta, kulanti yote, mafuta ya breki, na plagi kama hujui zimewekwa lini. Mafuta ya giaboksi mwaga na ujaze aina sahihi: T-IV kwa Premio za NZT240, WS kwa Mark X na Crown za gia sita. Usikubali yasukumwe kwa mashine kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuguswa. Kumwaga na kujaza mara mbili, kwa tofauti ya kilomita 1,000, kunatosha.

Kabla hujaondoka na gari, hesabu funguo. Crown na Mark X nyingi zina ufunguo wa rimoti, na kutengeneza wa pili ni gharama ya kueleweka, kwa hiyo ukikabidhiwa mmoja punguza bei. Jeki, spana ya tairi, pembetatu na kizimamoto ambacho hakijaisha muda viwe kwenye buti. Trafiki atavitaka kabla hujafika Boma Ng'ombe.